Kazi Uliyoifanya Miezi Michache: Uiandike kwenye CV au Uiache?

Niliwahi kuacha kazi katika wiki ya saba. Kwenye usaili niliambiwa nitachambua takwimu za mauzo. Nilipofika nikapewa simu na orodha ya wateja wenye madeni. Niliuliza mara mbili kazi niliyoajiriwa itaanza lini, nikaambiwa nisubiri. Mara ya tatu sikuuliza, niliandika notisi. Kuondoka hakukunisumbua. Kilichonisumbua kilikuja miezi minne baadaye, nilipofungua CV yangu ili niombe kazi nyingine. Mstari ule niliuandika, nikaufuta, nikaurudisha, nikaufuta tena. Nikiuacha naona kama nadanganya, nikiuandika naona kama najichongea.

Tangu hapo nimesoma CV nyingi za watu, nyingine kwa kusaidia ndugu na marafiki, nyingine nikiwa upande wa pili wa meza, kwenye kuchuja maombi. Swali hili hurudi kila mara, na wengi huliamua kwa aibu au kwa hasira. Mwenye aibu huficha hata kazi ambayo ingembeba. Mwenye hasira huandika hata kazi ya siku kumi ili apate pa kusemea alivyotendewa. Ningependa wewe uliamue kwa kalenda na kwa kichwa kilichotulia, na ndiyo sababu nimeeleza kwa urefu.

Kabla ya yote: CV si fomu

CV ni hati unayoitunga mwenyewe kumwonyesha mwajiri kwa nini unaifaa nafasi yake. Hakuna anayetegemea kukuta humo kila kitu ulichowahi kufanya tangu uanze kazi. Kuiacha kazi fupi nje ya CV si uongo, mradi kila kilichobaki ni kweli: tarehe ni zile zile, cheo ni kile kile, mwajiri ni yule yule.

Uongo huanza pale unaporefusha kazi ya kabla au ya baada ili izibe pengo. Wengi huliona dogo, "nasogeza tu mwezi mmoja." Ukisogeza, umechukua uamuzi uliokuwa halali kabisa ukaugeuza udanganyifu, tena ule unaonaswa kirahisi kuliko wote. Mwajiri mpya akimwandikia wa zamani, maswali ambayo waajiri wengi hukubali kuyajibu bila kusita ni mawili: alifanya kazi kuanzia lini hadi lini, na kwa cheo gani. Tarehe uliyoisogeza itakutana na tarehe iliyo kwenye jalada lako.

Fomu ya maombi ni habari nyingine. Ikisema "taja waajiri wako wote" au "taja kazi zote za miaka mitano iliyopita," unataja zote, hata ile ya wiki mbili. Chini ya fomu kwa kawaida kuna tamko unalolitia sahihi kwamba taarifa ni kamili na za kweli, na tamko hilo likibainika kuwa si kweli linaweza kukutoa kazini hata ukiwa umeshazoea. Soma maneno yake vizuri. "Taja kazi zinazohusiana na nafasi hii" inakuruhusu kuchagua. "Taja kazi zote" haikuruhusu.

Zipo nafasi ambazo historia yako inapekuliwa mwezi kwa mwezi. Nchini Marekani, anayeomba kibali cha usalama, yaani ruhusa ya kushika siri za serikali, hujaza fomu ya SF-86, na kwa kawaida hutakiwa kueleza shughuli zake za miaka 10 iliyopita, pamoja na vipindi alivyokaa bila kazi. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, uchunguzi wa anayeajiriwa kufanya kazi maeneo ya ulinzi ya uwanja wa ndege hupitia ajira, masomo na mapengo ya angalau miaka 5. Kazi za fedha, za ulinzi na za kukaa na watoto zina ukali wa aina hiyo sehemu nyingi. Kama unaelekea huko, uamuzi wako umeshafanyika: iandike, kisha ruka hadi sehemu ya namna ya kuiandika.

Hatua ya kwanza: chora miezi

Chukua karatasi. Andika miezi yote ya miaka mitatu iliyopita kwa mstari mmoja, kisha tia alama miezi uliyokuwa kazini. Usifanye hesabu hii kichwani, kwa sababu kumbukumbu hurefusha kazi tulizozipenda na kufupisha zile zilizotuumiza.

Chukulia uliondoka kwa mwajiri wa kwanza mwisho wa Machi 2022. Ukafanya kazi fupi kuanzia Juni hadi Agosti, kisha Oktoba ukaanza kazi uliyonayo mpaka leo. Ukiifuta ile fupi, msomaji ataona miezi 6 mitupu, Aprili hadi Septemba. Ukiiandika, ataona mapengo mawili madogo, la miezi 2 na la mwezi 1, ambayo watu wachache sana huyaulizia. Hapo kazi fupi inakulipa kwa kuwepo kwake.

Sasa geuza. Uliondoka mwisho wa Juni, ukafanya kazi fupi Julai na nusu ya Agosti, ukaanza nyingine Septemba. Ukiifuta, linabaki pengo la miezi 2, muda ambao mtu yeyote anaweza kuutumia kutafuta kazi. Ukiiandika, umemwekea msomaji swali ambalo hakuwa nalo.

Kwa hiyo usianze kujiuliza kama kazi ile ilikuwa nzuri au mbaya. Anza na hili: kipi ni kigumu zaidi kukieleza, kazi yenyewe au shimo litakalobaki ikiondoka?

Hatua ya pili: ulitokaje?

Ufupi wa kazi hausemi kitu hadi sababu yake ijulikane, na sababu nyingine hazina doa lolote. Mkataba wa miezi mitatu uliokwisha kwa wakati wake ni kazi iliyokamilika. Nafasi ya kushika pengo la mtu aliye likizo ya uzazi ni kazi iliyokamilika. Vivyo hivyo kazi ya msimu, mradi uliofika mwisho, mafunzo kwa vitendo. Ajabu ni kwamba watu huziandika kazi hizi kana kwamba ni za kudumu, bila kutaja mkataba, halafu msomaji anadhani walikimbia au walifukuzwa. Maneno matatu tu, "mkataba wa miezi," yangewaokoa.

Kampuni kufungwa, kitengo kuvunjwa, wafanyakazi kupunguzwa: hayo pia hayana aibu, na unaweza kuyasema kwa ufupi ndani ya mstari wenyewe.

Zinabaki mbili zinazouma. Moja ni kuacha mwenyewe mapema, kwa sababu kazi haikuwa uliyoahidiwa au mazingira yalikushinda. Nyingine ni kuachishwa, mara nyingi ndani ya kipindi cha majaribio, ambacho sehemu nyingi huwa kati ya miezi mitatu na sita. Kipindi hicho kimewekwa ili pande zote mbili zipimane, na wewe una haki ya kupima kama mwajiri anavyopima. Hilo halimaanishi ni lazima ulitangaze. Kama kazi iliishia kwenye majaribio na pengo lake ni dogo, mimi ningeiacha nje.

Hatua ya tatu: inabeba nini?

Soma tangazo la kazi unayoomba, kisha jiulize kama katika ile kazi fupi ulifanya kitu ambacho tangazo linakitaja na ambacho hakipo mahali pengine kwenye CV yako. Kama kipo, hata miezi miwili ina thamani. Nimewahi kusoma CV ya kijana aliyefanya kazi wiki kumi kwenye ghala na kuifuta kwa sababu "ilikuwa fupi," na nafasi aliyokuwa anaiomba ilidai mtu aliyewahi kutumia mfumo wa kompyuta wa kuhesabu mizigo. Alikuwa ameutumia mahali pamoja tu, kwenye ghala hilo. Tuliurudisha mstari ule siku hiyo hiyo.

Kama huna cha kuonyesha zaidi ya kwamba ulikuwepo, kazi hiyo inakula nafasi ya kitu kingine.

Hatua ya nne: isome kwa sauti

Jifungie chumbani useme kwa sauti kwa nini uliondoka. Sentensi mbili, tatu kwa wingi. Sikiliza sauti yako. Ukiona unaanza kujikanyaga, unarudi nyuma, unaongeza "lakini ukweli ni kwamba," basi maelezo bado hayajaiva. Yaivishe kwanza, ndipo uamue. Mstari usioweza kuutetea kwa sentensi mbili usiutume peke yake mbele ya watu, isipokuwa umelazimika.

Ninavyoamua mimi

Baada ya hatua hizo, huu ndio msimamo wangu, na unaweza kuupinda kulingana na hali yako.

Chini ya mwezi mmoja: iache, karibu kila mara. Mwezi mmoja hadi mitatu: iache, isipokuwa ilikuwa ya mkataba, inaziba pengo kubwa, au ndiyo pekee inayoonyesha ujuzi unaotakiwa. Mitatu hadi sita: hapa ndipo kalenda na tangazo vinaamua. Zaidi ya sita: iandike, kwa sababu pengo la nusu mwaka na zaidi litaulizwa tu, na kuwa kazini ni jibu zuri kuliko mengi. Kama kazi hiyo ilikuwa zaidi ya miaka kumi iliyopita, usiumize kichwa. Hakuna anayeihitaji.

Mwenye kazi moja tu maishani, nayo ni fupi, aiandike. Anayeanza hahukumiwi kwa kipimo cha mwenye miaka ishirini kazini.

Na kama bado uko kazini, mwezi wa pili, na tayari unatafuta pa kwenda? Nadhani hii ndiyo hali ngumu kuliko zote. Ukiiandika kazi ya sasa, msomaji anauliza kwa nini unaondoka mapema hivi. Usipoiandika, unaonekana huna kazi, na pia unaingia kwenye usaili ukiwa na kitu mfukoni. Ushauri wangu ni kwamba katika wiki za mwanzo unaweza kuiacha nje ya CV, lakini ukiulizwa "sasa hivi unafanya nini?" unajibu ukweli palepale: "Nilianza mahali wiki sita zilizopita, na nimeona nafasi ile hainifai kwa sababu hii." Usiseme huna kazi. Utakapopewa barua ya ajira utaulizwa lini unaweza kuanza, na notisi yako itakuumbua. Ukivuka mwezi wa tatu, iandike.

Namna ya kuiandika

Umeamua kuiandika. Iandike kama kazi, si kama kosa. Huu hapa mstari niliousahihisha pamoja na mwenyewe, kama ulivyokuwa mwanzo:

Msaidizi wa Ununuzi, Juni 2022 – Agosti 2022. Nilisaidia shughuli mbalimbali za idara.

Msomaji anaona miezi mitatu na "mbalimbali," anahitimisha kuwa hakuna kilichofanyika. Tukaubadilisha hivi:

Msaidizi wa Ununuzi (mkataba wa miezi 3), Juni – Agosti 2022. Nililinganisha ankara 140 za wasambazaji na hati za kupokea mzigo, na kurudisha zilizopishana kabla hazijalipwa.

Kazi ni ile ile. Kilichoongezeka ni mkataba, ambao unajibu swali la "kwa nini fupi" kabla halijaulizwa, na tendo moja lenye hesabu. Tendo moja linatosha. Ukiorodhesha mambo saba kwa kazi ya miezi mitatu, na kazi yako ya miaka minne ina matatu, msomaji atahisi unatia chumvi. Urefu wa maelezo uendane na urefu wa kazi. Sababu ya kuondoka usiiandike kwenye CV, ila kama ni mkataba, kampuni kufungwa au kupunguzwa. Mengine yasubiri usaili.

Kama una kazi fupi nne au tano za mkataba zilizofuatana, ziweke chini ya kichwa kimoja, kwa mfano "Kazi za mikataba ya uhasibu, 2020 – 2022," kisha taja waajiri chini yake na miezi ya kila mmoja. Zikitawanyika, jicho linaona mtu asiyetulia. Zikikaa pamoja linaona fani.

Kuhusu tarehe, wapo wanaoandika mwaka pekee, "2019 – 2022," ili miezi isionekane. Si uongo, na kwa kazi za zamani naona ni sawa. Lakini fanya hivyo kwa kazi zote, si kwa ile inayokupa wasiwasi pekee. Kampuni ya Ladders ya Marekani ilipofuatilia macho ya watu wanaochuja maombi, mwaka 2018, ilikuta mtazamo wa kwanza wa CV unachukua wastani wa sekunde 7.4. Katika sekunde hizo jicho hutafuta vyeo, majina ya waajiri na tarehe, na tarehe moja iliyoandikwa tofauti na nyingine huonekana kama jino lililong'oka. Jua pia kwamba programu zinazopokea maombi mtandaoni mara nyingi hudai mwezi na mwaka. Zikidai, jaza mwezi wa kweli.

LinkedIn na wadhamini

Ukiiondoa kazi kwenye CV, nenda LinkedIn uiondoe na huko, au uirudishe pande zote mbili. Anayeajiri hufungua ukurasa wako akiwa na CV yako pembeni, na hati mbili zinazosema tofauti huleta shaka kubwa kuliko kazi fupi kumi. Kama muda ule uliuguza mzazi, ulisoma au ulilea mtoto, tangu 2022 LinkedIn ina sehemu ya kuandika mapumziko ya kikazi. Unaweza kuiga mtindo huo kwenye CV kwa mstari mmoja: "Aprili – Septemba 2022: kumuuguza mzazi." Kwangu mimi, mstari huo una heshima kuliko kazi ya wiki tatu iliyobandikwa kuziba shimo.

Usijidanganye kwamba kisichoandikwa hakijulikani. Michango ya hifadhi ya jamii na kodi ya mshahara huacha alama, na watu wa fani moja wanajuana. Mficha maradhi kifo humuumbua. Iache kazi nje kwa sababu haina faida kwa msomaji, na uwe tayari kuizungumzia siku yoyote ikitajwa. Kama uamuzi wako unategemea mtu fulani asijue kamwe, iandike.

Mdhamini, yaani mtu atakayeulizwa habari zako, kutoka kwenye kazi fupi si lazima awe bosi uliyegombana naye. Mwenzako wa ngazi ya juu aliyeona kazi yako anafaa zaidi, lakini mwombe kwanza, na umkumbushe tarehe na mlichofanya pamoja.

Ukiulizwa kwenye usaili

Mimi niliiacha ile kazi ya wiki saba nje ya CV. Kwenye usaili wa kwanza msaili akaweka kidole kwenye pengo akauliza, "Hapa ulikuwa wapi?" Nilisema ukweli, lakini niliusema vibaya. Nilianza na meneja, nikaja kwenye simu, nikaenda kwenye ahadi walizonipa. Alikuwa anaandika, na kalamu yake ikasimama. Nikajua amesikia mtu mwenye kinyongo, hajasikia mtu mwenye sababu.

Usaili wa pili nilijibu hivi, na ndivyo ninavyoendelea kuwafundisha wengine:

"Nilikuwa na kazi fupi ya wiki saba ambayo sikuiweka kwenye CV. Niliajiriwa kuchambua takwimu za mauzo, lakini mahitaji yao yalielekea kwenye kukusanya madeni, na ikaonekana nafasi ile haitakuwepo karibuni, kwa hiyo nikatoa notisi. Nafasi hii imenivutia kwa sababu uchambuzi ndio kazi yenyewe."

Angalia ilivyojengwa: kilichotokea, bila kumsema mtu, kisha mara moja unarudi kwenye nafasi iliyo mbele yenu. Baada ya hapo nyamaza. Ukimya wa sekunde tatu unatisha, na watu wengi huujaza kwa maneno ambayo hayakuhitajika. Mwache msaili aujaze yeye.

Kama ulifukuzwa, usiseme uliacha mwenyewe. Sema: "Hawakuniendeleza baada ya majaribio. Walihitaji mtu mwenye kasi zaidi kwenye mfumo wao, na mimi ndio kwanza nilikuwa najifunza. Tangu hapo nimesoma mfumo huo miezi miwili." Inauma kuisema, najua. Lakini waajiri huwasikia wengi wakikwepa swali hili, na anayelijibu uso kwa uso huwa anakumbukwa.

Weka daftari lako

Fungua leo faili moja ambalo halitatumwa kwa mtu yeyote. Andika humo kila kazi uliyowahi kufanya, hata ya siku tano: tarehe kamili ya kuanza na kumaliza, jina la mwajiri kama lilivyo kwenye mkataba, cheo, aliyekusimamia na namba yake, mshahara, sababu halisi ya kuondoka, na mahali ulipohifadhi nakala ya mkataba na barua ya notisi. CV zako zote utazichota humo, kila moja ikiwa na kile tu kinachoihusu nafasi yake. Na siku ikija fomu inayodai kazi zote za miaka kumi, na ikitakiwa kabla ya saa sita mchana, utakuwa na cha kunakili.